Tonge Moja Tu

Siku ya soko mjini Machakos, saa ya chakula cha mchana, mtu hasimami mbele ya kibanda cha chapati na kusema hataki chapati. Nthambi alisimama akasema hivyo, tena kwa sauti ya kusikika, maana watu walikuwa wengi na mafuta yalikuwa yakichemka kwenye kikaango.

"Nipe matumbo na kabeji. Kabeji iwe nyingi. Chapati wacha."

Nzau, mwenye kibanda, aliinua macho. Alimwona mwanamke mrefu aliyevaa rinda la kitenge la samawati, limeshonwa vizuri mpaka kwenye pindo, na mkanda wa kupimia nguo ukining'inia shingoni kama mkufu. Alisimama kama mtu aliyekuja tayari kwa ugomvi.

"Madam," Nzau alimuuliza, "wewe ni mgonjwa ama ni tajiri?"

"Mimi ni fundi wa nguo na niko na njaa. Utanipa ama niende kwa jirani yako?"

Foleni ikacheka. Nzau naye akacheka, akapakua kabeji mpaka ikafunika ukingo wa sahani. Kisha akaona benchi limemwagikiwa mchuzi. Alitoka nyuma ya jiko, akalipangusa kwa kitambaa chake mwenyewe, akarudi kazini. Nthambi aliliona hilo. Mtu anaweza kukutania mbele ya watu na bado asikubali ukalie uchafu, na mtu kama huyo si wa kupita tu.

Kesho yake alirudi. Na siku iliyofuata.

Mwaka uliotangulia, Nthambi alikuwa ameambiwa kliniki kwamba ana sukari. Muuguzi alikuwa mpole. Alimpa vidonge, akamweleza apunguze ugali, chapati, wali, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na chai tamu. Nthambi alipouliza basi ale nini, alitajiwa minofu ya samaki, jibini na lozi. Muuguzi mwenyewe alitabasamu kwa huzuni alipofika kwenye lozi, kwa sababu alikuwa ameviona viatu vya mgonjwa wake. Nthambi alishona sare za shule kwa mtu mwingine, na shule zikifungwa mashine hukaa kimya. Alitoka pale akijiambia kwamba hana pesa za kula kama tajiri, lakini pia hana mpango wa kufa kama maskini.

Mwanzoni alikosea. Aliondoa ugali kwenye sahani, akabaki na kijirundo cha sukuma wiki, na kufika saa tisa mikono ilikuwa ikitetemeka juu ya mashine. Usiku aliota isyo, yale mahindi na maharagwe ya nyumbani kwao Wamunyu, akaamka na hasira. Ndipo alipojua kwamba ugali ukitoka, mahali pake hapaachwi wazi. Akawa ananunua mboga za kutosha watu watatu, kwa kuwa mboga hunywea sufuriani. Alizikoroga na njugu karanga zilizosagwa. Alianza kila mlo kwa kikombe cha supu ya mifupa. Yai halikukosa, au omena, na msimu wa avokado za milima ya Mua alikula avokado mpaka wenzake wakamwita nyani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomtoa sokoni kwenda kwenye maduka ya matajiri.

Winfred, fundi wa mashine ya pili, alikuwa wa pekee aliyejua pale kazini. Walikuwa wakinunua chai ya chupa pamoja. Siku alipoambiwa habari ile, Winfred alisema tangu zamani yeye hupenda chai isiyo na sukari. Ulikuwa uongo mtupu. Aliinywa hivyo hivyo, akikunja uso pembeni.

Wengine Nthambi hakuwaambia. Wamama wa kanisani kwao walikuwa wamesikia, na tangu hapo walimsemesha kwa sauti ya hospitali, ile ya chini, ya mtu kukuaga kabla hujaondoka. Nzau alimsemesha kwa sauti ya kawaida. Alimwita Fundi. Nthambi naye alimwita Bwana Chapati. Siku Nzau alipomuuliza kama anajinyima ili awe mwembamba, Nthambi alicheka, na Nzau akatosheka na kicheko.

Supu ilianza kuja kabla haijaagizwa. Baadaye Nzau akaanza kumpigia simu jioni, akifunga kibanda, kumuuliza kama ameshiba au bado.

"Nimeshiba, Bwana Chapati."

"Umeshibaje na majani? Mimi leo nimekula chapati tatu na bado naangalia ya nne."

"Basi mwoe hiyo ya nne."

"Naogopa itanikataa. Wewe je?"

Nthambi alikata simu. Kisha akakaa akiitazama simu ile, akitabasamu peke yake chumbani, mpaka Nzau alipopiga tena.

Siku moja Nzau alimwekea mbele kitu cha duara, cha rangi ya dhahabu, chenye madoa ya kuungua kidogo. Alikuwa amekata kabeji nyembamba kama nyuzi, akaitia chumvi, akaikamua maji, akaichanganya na mayai na kitunguu, akaikandamiza kwenye kikaango cha chapati. Alikuwa ameharibu nyingi kabla ya kupata moja isiyomeguka. Hakusema hivyo, ila Nthambi aliona vipande vilivyoungua ndani ya debe la taka.

"Hiyo ni nini?"

"Chapati. Si ulikataa zangu? Nimekutafutia ya kwako."

Nthambi aliikunja na kipande cha avokado ndani, akala. Saa kumi ilipofika alikuwa bado anashona, na tumbo lilikuwa limetulia kama la mtu aliyelala. Vijana wa bodaboda waliicheka, wakaiita chapati ya sungura, na Nzau akawajibu kwamba sungura hakosi meno wala mbio. Lakini kwenye ubao wake hakuiandika. Aliipika chini chini, kwa ajili ya mtu mmoja.

Mvua za Novemba zilipoanza, Nzau alimwambia anataka ampeleke kwao Kalama, akamwone mama yake.

Nthambi alishona rinda jipya la rangi ya udongo, lenye kola nyeupe. Winfred alimwambia aseme ukweli kabla ya kwenda. Nthambi akasema atasema, siku ikifika. Alitaka kwanza waone mikono yake, kicheko chake na kazi yake, ndipo wauone ugonjwa. Hilo si kosa kubwa. Wengi wetu tungelifanya.

Mama yake Nzau, Loise, aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mwembamba wa leso safi, mjane aliyelea watoto kwa shamba la kunde na mbaazi. Baba mdogo wa Nzau, mzee Kimanzi, alikuwa tayari ameketi. Baada ya salamu na chai, Loise alimpa Nthambi unga na mwiko. Hakuwa anamtesa. Ndivyo yeye mwenyewe alivyopokewa jikoni mle, na alikuwa amemsubiri msichana wa kumpa mwiko ule kwa miaka mingi.

Nthambi aliusonga ugali vizuri. Ulitoka mgumu, usio na madonge, ukiacha sufuria safi. Akaupakua, akaweka kuku na mboga za kunde, akawanawisha watu mikono, akaketi. Akajipakulia mboga nyingi na paja la kuku. Akaanza kula.

Hakuna mwingine aliyeanza.

Katika nyumba ile, tangu siku za mama mkwe wa Loise, aliyepika ndiye huonja kwanza. Humega kidogo mbele ya wote, akatafuna, akameza, ndipo wengine hunyoosha mikono. Ni njia ya kusema kwamba chakula hiki ni salama, ningempa hata mtoto wangu. Nthambi aliijua desturi ile, kwao Wamunyu ilikuwepo, lakini alidhani kula kuku na mboga kungetosha. Ugali aliousonga mwenyewe ulibaki katikati ya meza ukitoa mvuke, haujaguswa, na macho yote yalikuwa hapo.

Loise aliweka mkono wake kifuani. Hakuwa na chuki. Alikuwa na hofu, hofu ya mama anayemwona mwanawe ameketi mbele ya sahani.

"Aliyepika haonji?" aliuliza polepole.

"Mwaitu, ugali ni salama," Nthambi alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Mimi tu sili ugali."

Mzee Kimanzi alisukuma kiti nyuma. Alisema amezeeka hajapata kumwona Mkamba asiyekula ugali, ila mwenye sababu. Neno sababu alilitamka kwa shuku. Hapo ndipo Nthambi angesema. Alimtazama Nzau, akingoja amuulize.

Nzau alikuwa na jasho. Aliinama sikioni kwake.

"Onja tu. Tonge moja tu, mpenzi. Kwa ajili yangu."

Nthambi alinawa mikono, akaikausha, akasimama.

"Sionji," alisema. "Asanteni kwa kunipokea."

Akatoka. Mvua ilikuwa imeanza. Alikuwa amefika kwenye ua wa mikonge aliposikia hatua nyuma yake, akadhani ni Nzau. Alikuwa Loise, uso umekakamaa, hamtazami machoni. Alimpa mwavuli, akageuka, akarudi ndani. Nthambi alilia njia yote hadi barabarani, na kilichomliza zaidi ni ule mwavuli.

Nzau alipiga simu jioni ile. Hakupokelewa. Alipiga asubuhi, hakupokelewa. Alipokwenda kwenye safu ya mafundi wa nguo, Winfred alimwambia kwamba Nthambi hataki kumwona, kisha akaongeza kwamba mtu anaweza kumlisha mtu miezi mingi bila kumwangalia. Maneno hayo yalimfuata Nzau mpaka kibandani. Siku aliyopokelewa simu hatimaye, alianza vibaya. Alisema mama yake halali, kwamba Kalama nzima inauliza msichana yule alitia nini kwenye ugali, kwamba tonge moja lingemaliza yote.

Nthambi alimwacha amalize.

"Niko na sukari, Nzau. Ya damu. Nilikuwa nayo kabla nikujue."

Kibandani, nyuma ya Nzau, mtu alikuwa akiagiza chai.

"Mbona hukuniambia?"

"Hilo ni langu, na nimejuta. Lakini pale mezani hukuniuliza kwa nini. Uliniambia nile. Ulianza na tonge kabla ya kuanza na mimi."

"Tonge moja halingekuua."

"Halingeniua, najua. Ningekula moja kwenu. La pili lingekuwa la Krismasi. La tatu la mazishi, la nne la shangazi yako asije akakasirika. Kila mtu kwenu angekuwa na tonge lake moja tu, na mimi ningekuwa na mwili mmoja tu. Nimejifunza kushiba kwa pesa kidogo, bila mtu kunifundisha. Sitaacha kwa sababu ya aibu."

"Nthambi."

"Siachi. Ukitaka mke wa kuonja, wako wengi."

Akakata. Safari hii hakutabasamu.

Nzau alifunga kibanda mapema. Alifikiri kabeji ile yote aliyompakulia, na supu, na jinsi alivyojiona mwerevu kwa kubuni chapati ya sungura, kumbe alikuwa anacheza na jambo ambalo kwa mwenzake halikuwa mchezo. Kesho yake hakula chapati. Akajiambia atakula anachokula Nthambi, aone.

Siku ya kwanza aliwagombeza wateja. Ya pili kichwa kilimuuma, na harufu ya chapati zake mwenyewe ilimtesa kama deni. Alikuwa ameondoa bila kujaza. Akamwendea Winfred kwa unyenyekevu, akaomba afundishwe anavyokula mwenzake. Winfred, aliyekuwa amemkasirikia, alimtazama macho yake mekundu, akamwambia habari za njugu, na supu kwanza, na mboga za watu watatu. Juma lilipokwisha Nzau alikuwa anakanda unga na kubeba mitungi ya maji kama kawaida, tumbo limetulia. Alichukua chaki, akaandika kwenye ubao, kwa herufi kubwa: CHAPATI YA KABEJI IKO. Vijana wa bodaboda walicheka. Akawaacha wacheke. Baadaye mmoja wao akarudi peke yake, akauliza kwa sauti ya chini kama inafaa kwa mtu mwenye pressure, akanunua mbili ampelekee mama yake.

Nthambi aliuona ubao ule akipita kwenda kununua nyuzi. Alisimama upande wa pili wa barabara kwa muda. Kisha simu ya Nzau ikalia.

"Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika chakula chako. Nilikuwa nakificha kama kitu kibaya." Aligeuza kabeji kwenye kikaango. "Nimekuwa nakula hicho hicho tangu tuongee."

"Wewe? Na ulijisikiaje?"

"Mwanzoni nilitaka kupigana na kila mtu. Nilimtukana muuza makaa bure, ikabidi nimwombe msamaha."

Nthambi alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akajishika kwenye ukuta wa duka, na Nzau, akimwona ng'ambo ya barabara na lile rinda la samawati, aliacha kikaango kikiungua.

"Kwa nini huli ugali, Nthambi?" aliuliza kwenye simu, ingawa walikuwa wanatazamana. "Nauliza sasa. Nimechelewa, lakini nauliza."

Akamwambia yote, kuanzia kliniki na zile lozi. Hakuna aliyevuka barabara mpaka alipomaliza. Sauti ya Nzau haikushuka hata kidogo kuwa ya hospitali. Mwisho alisema atakwenda Kalama kumweleza mama.

"Usimweleze," Nthambi alisema. "Nitakuja mwenyewe. Na nitapika mwenyewe."

Jumapili baada ya kanisa alirudi Kalama, amevaa rinda lake la rangi ya udongo, na mwavuli wa watu mkononi. Mzee Kimanzi alikuwepo, na majirani wawili waliokuja kuazima chumvi na wakasahau kuondoka. Loise alimpisha jikoni bila maneno mengi. Nthambi alisonga ugali kama wa kwanza. Kando yake aliinjika sufuria yake mwenyewe: mifupa ya supu, kabeji, majani ya kunde kutoka shamba la nyumba ile ile, njugu alizozisaga kwa kinu cha Loise, mayai ya kuchemsha. Avokado alikuja nazo. Alipoweka vyote mezani, hakuketi.

"Mwaitu, na wewe baba, na majirani," alisema. "Niko na ugonjwa wa sukari. Ugali huu nimeusonga kwa mikono yangu na ni mzuri, lakini siuli. Siuli leo, na siku ya ntheo, mkileta mbuzi wa posa kwetu, sitaula, na nikiolewa hapa sitaula. Sifichi sufuria yangu tena. Hiki ndicho chakula changu na kinanishibisha." Akachota kutoka sufuria yake, mbele ya wote, akatafuna, akameza. "Hiki nimeonja. Anayetaka, karibu."

Nzau alisimama, akachukua sahani yake, akajipakulia kutoka sufuria ile ile. Kisha akabaki amesimama kando yake.

Mzee Kimanzi aliuliza, bila ukali wa siku ile, sasa ule ugali nani atauonja, maana desturi ni desturi. Jirani mmoja aliangalia chini. Nthambi alikuwa amesema lake.

Loise alikuwa akimtazama msichana yule tangu alipoingia na mwavuli. Alikumbuka jinsi yeye mwenyewe, akiwa bibi harusi mgeni, alivyoumega ugali ule wa kwanza, akitaka tu wamwamini. Alinyanyuka, akasogeza sahani ya ugali mbele yake, mbele ya mzee wa ukoo na majirani.

"Katika nyumba hii," alisema, "wa msichana wangu nitauonja mimi."

Akamega tonge moja, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna bila haraka, akameza, akawatazama mmoja mmoja.

"Haya. Kuleni."

Nthambi na Nzau wakaketi, mikono ikanyooka. Mzee Kimanzi alikula ugali wake, akalalamika kwamba ile sufuria nyingine si chakula bali ni mboga, kisha akasogeza bakuli aongezewe supu. Loise alimkatia Nthambi avokado kubwa kuliko zote, akamwekea kwenye ukingo wa sahani, na alipoona kabeji imepungua alijaza tena bila kuulizwa, kwa mwiko ule ule.

Chini ya meza Nzau alitafuta mkono wa Nthambi.

"Fundi," alinong'ona, "umeshiba ama bado?"

"Bado," Nthambi alisema, akaubana ule mkono. "Niongeze."